Kinga ya mbwa hujengwa wapi: dang'a, chanjo, kupe na sufuria la chakula

Ukiingia duka la dawa za mifugo ukauliza kitu cha kumwongezea mbwa kinga, mara nyingi utatoka na chupa ya vitamini, ya sindano au ya kuchanganya kwenye maji. Huenda isimdhuru, ila pesa hiyo ingefanya kazi kubwa zaidi kama ingenunua kidonge cha minyoo au chanjo iliyotunzwa kwenye friji inavyotakiwa. Mbwa wengi wa huku kwetu hawaugui kwa kukosa chupa ya vitamini. Wanaugua kwa sababu askari wa mwilini mwao wako kazini usiku na mchana, wakipambana na safura, kupe na unga wenye ukungu. Siku pavo, ugonjwa wa virusi unaoleta kutapika na kuhara damu, inapofika hakuna aliyebaki wa kulinda mlango.

Tena kinga si moto wa jiko kwamba ukiuchochea zaidi ndiyo chakula kiive vizuri. Kinga ikizidi ukali humgeukia mwenye mwili: ngozi huwasha kwa mzio, na wakati mwingine mwili huanza kuvunja chembe zake wenyewe nyekundu za damu. Kwa hiyo kazi yako ni mbili tu. Uifundishe kinga kumtambua adui kwa chanjo, kisha uiondolee mizigo inayoichosha.

Siku ya kwanza

Mtoto wa mbwa huzaliwa akiwa karibu mtupu kwa upande wa kingamwili, zile protini za damu zinazomtambua adui na kumzuia. Nyingi ya zile atakazozitumia wiki zake za mwanzo huzipata kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya mama, na utumbo wake huziruhusu kupita kuingia kwenye damu kwa takriban saa 24 tu. Saa nane za kwanza ndizo zenye faida kubwa. Baada ya siku hiyo mlango umefungwa, hata akinyonya vipi.

Basi wakati mama anazaa, hesabu watoto na hakikisha kila mmoja amenyonya ndani ya saa mbili tatu. Wadogo husukumwa pembeni na wenzao. Mweke mwenyewe kwenye chuchu za nyuma, ambazo kwa kawaida zina maziwa mengi. Wapime kila siku kwa mizani ya jikoni na uandike. Mtoto asiyeongezeka uzito kwa siku nzima tayari ana tatizo, na ifikapo siku ya 10 hadi ya 14 anapaswa kuwa na uzito mara mbili ya ule wa kuzaliwa.

Joto nalo lisisahaulike. Mtoto mchanga hawezi kutetemeka ili ajipashe, na akipoa utumbo wake huacha kusaga maziwa. Wiki ya kwanza sehemu ya kulala iwe karibu nyuzi 30. Usiku wa Mbeya, Njombe au Limuru, chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo ndani ya boksi inaokoa maisha, mradi boksi liwe na upande usio na chupa ili anayeona joto limezidi ajisogeze.

Mama akifa au akikosa maziwa, tafuta mbwa mwingine anayenyonyesha. Maziwa ya ng'ombe ni mepesi kwa protini na mafuta kuliko ya mbwa, na hayana kingamwili za magonjwa ya mbwa. Na watoto wasiondolewe kwa mama kabla ya wiki nane. Wale wanaouzwa barabarani wakiwa na wiki nne hufika nyumbani kwako wakiwa na hofu, minyoo na tumbo lisilozoea chakula, yote kwa wakati mmoja.

Chanjo, na pale watu wanapokosea

Kingamwili za mama humlinda mtoto, lakini pia huizuia chanjo kufanya kazi, kwa sababu huviona virusi vya chanjo na kuvimaliza kabla mwili wa mtoto haujajifunza chochote. Kinga hiyo ya mama huisha taratibu kati ya wiki ya 6 na ya 16, na hakuna anayejua kwa kumtazama mtoto fulani itaisha siku gani. Ndiyo maana chanjo hurudiwa. Dozi ya pili si nyongeza ya ile ya kwanza. Mara nyingi ndiyo ya kwanza kushika.

Ratiba inayofaa ni hii: chanjo ya distempa (ugonjwa wa virusi unaoshambulia mapafu na ubongo), pavo na homa ya ini ya mbwa ianze wiki ya 6 hadi ya 8, irudiwe kila baada ya wiki 2 hadi 4, na dozi ya mwisho isitolewe kabla ya wiki ya 16. Mtu anayeishia wiki ya 12 kwa sababu kadi imejaa ameacha pengo, na pavo hupenda mapengo. Halafu dozi moja tena mbwa akifikisha miezi 6 au mwaka. Baada ya hapo chanjo hizi tatu hudumu miaka mitatu au zaidi kwa mbwa wengi. Ya leptospira, ugonjwa wa mkojo wa panya unaoitwa homa ya mgunda tangu ulipowapata watu mkoani Lindi mwaka 2022, haidumu hivyo: huanza kwa dozi mbili zilizoachana wiki 2 hadi 4, kisha kila mwaka.

Kichaa cha mbwa huchanjwa kuanzia wiki ya 12, tena baada ya mwaka mmoja, kisha kama kadi na sheria ya mahali ulipo inavyodai. Karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, halmashauri na kaunti nyingi huchanja bure. Mpeleke, lakini elewa umepata nini: sindano ile ni ya kichaa peke yake. Kila mwaka kuna watu wanaozika mbwa kwa pavo huku wameshika kadi wakisema "lakini alichanjwa."

Chanjo hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ikipata joto inakufa, na kwa macho huwezi kuona tofauti. Ikigandishwa baada ya kuchanganywa nayo inaharibika. Kwa hiyo omba uione ikitoka kwenye friji au kwenye boksi la barafu, si kwenye mfuko wa koti. Angalia tarehe ya mwisho. Kichupa cha unga mkavu kichanganywe na maji yake hapo hapo na kitumike mara moja. Kibandiko kibanduliwe na kubandikwa kwenye kadi yako. Mchanjaji akikasirika kwa maswali haya, tafuta mwingine.

Mbwa mwenye homa, anayeharisha au aliyejaa minyoo asichanjwe siku hiyo. Mpe dawa ya minyoo wiki moja kabla. Baada ya sindano kaeni kliniki nusu saa, kwa kuwa uvimbe wa uso na kutapika, vikitokea, kwa kawaida hutokea mapema. Uchovu wa siku moja na kinundu kidogo penye sindano si jambo la kutisha.

Mpaka wiki mbili baada ya dozi ya mwisho, mtoto asitembee mahali wapitapo mbwa wa mtaani. Mbebe, aone pikipiki, watoto na kelele za soko akiwa mikononi. Mbwa asiyeona dunia katika miezi yake mitatu ya mwanzo hukua mwoga, na woga wa kudumu nao hula kinga.

Kama kuna mbwa aliyekufa kwa pavo uani kwako, virusi viko kwenye udongo na vinaweza kukaa mwaka mzima. Dettol na spiriti haviviui. Kinachoviua ni dawa ya kuweupishia nguo yenye klorini kama Jik: mililita 50 kwa lita moja ya maji, kwenye sakafu ambayo imeshasuguliwa kwa sabuni na kusuuzwa, ikae imelowa dakika 10. Ukiimwaga juu ya kinyesi umepoteza dawa, maana uchafu huila klorini kabla haijafika kwenye virusi. Kwenye udongo haisaidii kitu. Hapo jua, muda na kuleta mbwa aliyekwisha kuchanjwa kikamilifu ndiyo njia.

Minyoo

Mtoto wa mbwa hahitaji kuokota minyoo popote. Huipata tumboni mwa mama na kwenye maziwa. Kwa hiyo dawa huanza akiwa na wiki 2, siyo siku unapomwona ana kitambi. Rudia kila wiki 2 hadi afikishe wiki 12, halafu kila mwezi hadi miezi 6, kisha kila miezi 3 maisha yake yote. Mama naye apewe siku moja na watoto, maana bila hivyo huwaambukiza upya.

Pairanteli ya maji, miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, ni salama hata kwa wadogo kabisa na hushughulikia minyoo ya duara na safura. Fenbendazoli ni miligramu 50 kwa kilo, kila siku kwa siku 3. Dozi ya siku moja, ambayo watu wengi huishia, haitoshi. Tegu hazisikii pairanteli, zinahitaji prazikwanteli, miligramu 5 kwa kilo. Ukiona vipande kama punje za wali vinavyojikunja karibu na mkundu, hiyo ni tegu ya viroboto. Usipoua viroboto, baada ya mwezi atakuwa nayo tena.

Safura ndiyo mwizi mkubwa wa kinga. Hunyonya damu, na mtoto mwenye fizi nyeupe kama karatasi yuko hatarini kufa leo, si wiki ijayo. Huyo haponi kwa kidonge peke yake, apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Kwa wafugaji: mapafu na maini ya kondoo, mbuzi au ng'ombe yenye malengelenge ya maji asipewe mbwa yakiwa mabichi. Malengelenge hayo yana watoto wa tegu mdogo sana ambaye akikomaa ndani ya mbwa, mayai yake humwingia binadamu na kuotesha uvimbe kwenye ini. Turkana na Umasaini wanaujua ugonjwa huu vizuri. Chemsha nusu saa na zaidi, au fukia kwenye shimo refu.

Kupe

Hapa ndipo mbwa wa ukanda wetu wanapomalizika, kwa hiyo tutakaa kidogo. Kupe wa kahawia wa mbwa hubeba erlikia, kijidudu kinachoingia ndani ya chembe nyeupe za damu, yaani ndani ya askari wenyewe. Mwanzoni mbwa hupata homa siku chache kisha anaonekana amepona. Miezi au miaka baadaye anakonda, puani inatoka damu isiyokata, na kila jeraha dogo linageuka kidonda. Mbwa aina ya German shepherd huathirika vibaya kuliko mbwa wengi. Kupe pia hubeba babesia, inayopasua chembe nyekundu: fizi hupauka, mkojo huwa rangi ya chai ya rangi au kahawa, mbwa hawezi kusimama. Yote mawili yana dawa ukiwahi, na daktari huthibitisha kwa tone la damu. Tiba ya erlikia kwa kawaida ni doksisaiklini kwa siku 28. Watu huacha siku ya saba kwa sababu mbwa ameanza kula, na ugonjwa unarudi umejificha zaidi.

Mkague kila jioni: ndani ya masikio, chini ya mkanda wa shingo, makwapani, katikati ya vidole, chini ya mkia. Mng'oe kupe kwa kibanio, ukimshika karibu kabisa na ngozi, na uvute moja kwa moja taratibu bila kuzungusha. Usimpake mafuta ya taa wala kumchoma na kiberiti, atatapika ndani ya mbwa yale unayoyakimbia. Mtumbukize kwenye spiriti, usimminye kwa kucha. Kung'oa peke yake hakutoshi, kwani vijidudu vingine hupita ndani ya saa chache.

Kosa kubwa ni kumtibu mbwa na kuisahau nyumba. Kupe huyu, tofauti na wale wa ng'ombe wanaosubiri kwenye nyasi, huishi majumbani. Jike akishiba huanguka, hupanda ukuta, huingia kwenye ufa na kutaga maelfu ya mayai. Aliyekomaa huweza kukaa miezi mingi bila kula. Fanya hivi: toa matandiko yote uyachome au uyachemshe. Fagia banda, ziba nyufa kwa saruji au chokaa. Pulizia dawa iliyoandikwa kwamba ni ya majengo kwenye kuta, dari na chini ya mlango, mbwa akiwa nje mpaka ikauke. Rudia baada ya wiki 2, kisha tena baada ya wiki 2, ili kuwakuta waliototolewa. Tegemea kazi ya miezi mitatu.

Juu ya mbwa mwenyewe una njia kadhaa. Vidonge vya kutafuna vya jamii ya fluralana na afoksolana ni ghali, lakini hufanya kazi kwa wiki 12 au mwezi kutegemea aina. Mbwa mwenye historia ya kifafa asipewe bila daktari kujua. Matone ya fipronili ya mgongoni ni nafuu, ila usimwogeshe siku mbili kabla na siku mbili baada ya kuyatia. Dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi 12.5% hutumika sana kwa sababu ni rahisi kupatikana. Ukilazimika kuitumia, na uwe umemuuliza daktari kwanza, kipimo ni mililita 2 kwa lita 1 ya maji, vaa glovu, epuka macho, mwache akauke kivulini bila kujilamba. Isitumike kwa mbwa wa chini ya miezi minne, mwenye mimba, mwenye kisukari, wala kwa paka kabisa. Mbwa akilegea na kulala ovyo baada ya kuogeshwa, dawa imezidi: mwoshe kwa sabuni na mpeleke kliniki. Sindano ya ivamektini ya ng'ombe iache huko huko kwa ng'ombe. Ni kali, na kwa mbwa mdogo ni rahisi kuzidisha kipimo hadi kuwa sumu, na mbwa wenye damu ya koli (collie, mbwa wa kuchunga kondoo) wanaweza kufa hata kwa kiasi ambacho wengine hukivumilia.

Sufuria

Ugali wa pumba na dagaa kidogo ndio chakula cha mbwa wengi, na tatizo lake la kwanza si uchache wa nyama. Ni sumukuvu. Mahindi yaliyoota ukungu, ambayo mwenye duka hayauzi tena kwa watu, husagwa yakaitwa chakula cha mbwa. Sumu hii haitoki kwa kupika. Nchini Kenya mwaka 2004 sumu hii iliua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui, na ini la mbwa ni dhaifu kwayo kuliko la wanyama wengi. Hujikusanya zaidi kwenye ganda na kiini, kwa hiyo pumba huwa na nyingi kuliko sembe. Ini likichoka, protini na kinga vinashuka pamoja. Nunua unga ambao wewe mwenyewe ungeula, uweke juu ya mbao mbali na ukuta, ununue wa wiki mbili badala ya gunia. Au tumia wali.

Mbwa mzima wa kilo 20, asiyefanya kazi nzito, anahitaji kama kalori 1,050 kwa siku. Chakula hiki kinakaribia hapo:

Unga wa sembe au mchele gramu 120, ukiwa mkavu.
Nyama ya ng'ombe yenye mafuta kiasi gramu 200, au dagaa wakavu gramu 90 na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya ziada.
Maini gramu 20.
Boga, karoti au mchicha uliochemshwa gramu 80.
Mafuta ya alizeti kijiko 1 cha chakula.
Chumvi yenye madini joto, vidole viwili tu.
Unga wa maganda ya mayai nusu kijiko cha chai kilichojaa, kama umetumia nyama.

Ganda hilo ni la kalsiamu. Chemsha maganda dakika 10, yakaushe, yasage mpaka yawe kama unga wa ngano. Ukitumia dagaa wazima usiliweke, mifupa yao inatosha. Dagaa waloweke robo saa, mwaga maji, rudia: mchanga na chumvi vitabaki kwenye beseni. Ugali upikwe uive kabisa, kwa sababu wanga mbichi hupita tumboni na kutoka kama ulivyoingia, na kinyesi kinakuwa laini. Maini yasizidi hapo. Vitamini A ikirundikana huumiza mifupa.

Mbwa wa kilo 10 hahitaji nusu ya chakula hiki, anahitaji kama asilimia 60, kwa sababu mwili mdogo hupoteza joto upesi. Gawa mara mbili kwa siku. Watoto mara tatu hadi nne. Hata hivyo mapishi haya bado yana upungufu wa zinki na vitamini E. Njia rahisi ya kuziba ni siku tatu kwa wiki kumpa chakula cha kiwandani kilichoandikwa kuwa ni kamili. Mtoto anayekua, hasa wa mbwa wakubwa, asilelewe kwa mapishi ya kukisia. Mifupa yake haisamehi makosa ya kalsiamu.

Ukibadilisha chakula, badilisha kwa siku saba, robo kwa robo. Sehemu kubwa ya kinga iko kwenye utumbo, na bakteria wake wanahitaji muda. Kijiko kimoja cha mtindi usio na sukari kwa kila kilo 10 ni sawa kwa mbwa asiyeharishwa na maziwa. Kinachoharibu utumbo ni kumpa antibayotiki kila anapoharisha. Kuharisha kwa mbwa mzima mchangamfu, bila damu, mara nyingi huisha kwa siku mbili za wali uliopikwa laini na kuku asiye na mifupa.

Mabaki ya mezani yana mtego wake. Pilau, biriani na mchuzi vimejaa vitunguu. Kitunguu, kiwe kibichi, kimekaangwa au cha unga, huvunja chembe nyekundu za damu. Gramu 150 zinaweza kumdhuru mbwa wa kilo 10, na madhara hukaa siku kadhaa kabla ya kuonekana. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kuwa sindano. Zabibu, chokoleti na pipi zisizo na sukari ni sumu. Karanga za makadamia, kwa walioko Murang'a na Kiambu, hulegeza miguu ya nyuma.

Na usimnenepeshe. Mbavu uzipapase kwa urahisi bila kuziona, na ukimtazama kutoka juu awe na kiuno. Katika utafiti wa mbwa 48 aina ya labrado uliochapishwa mwaka 2002, waliopewa chakula pungufu kwa robo waliishi karibu miaka miwili zaidi ya ndugu zao. Hakuna chupa inayofanya hivyo.

Dawa za asili

Mwarobaini: maji yaliyochemshiwa majani, yakapoa, yanafaa kumsuuzia mbwa mwenye ngozi inayowasha na hufukuza wadudu kidogo. Hayaondoi kupe walioshika. Asinyweshwe. Kitunguu saumu kwa ajili ya kupe ni ushauri mbaya kwa sababu ileile ya kitunguu maji. Mlonge ni mboga nzuri, nusu kijiko cha chai cha unga wa majani si vibaya, lakini ni mboga. Shubiri: ute mweupe wa ndani unaweza kupakwa kwenye mchubuko, ila utomvu wa njano ulio chini ya ganda ukilambwa unaharisha sana. Mbegu za papai hazichukui nafasi ya dawa ya minyoo. Mafuta ya nazi hulainisha ngozi na humnenepesha, basi.

Mafuta machafu ya injini na mafuta ya taa kwa ajili ya upele: acha kabisa. Hupenya ngozini, huchoma, na mbwa huyalamba. Upele unaoanza usoni na miguuni kwa mtoto wa mbwa mara nyingi ni utitiri ambao kila mbwa anao, na umezidi kwa sababu kinga imeshuka. Mchunguze minyoo, chakula na kupe kabla ya kupaka chochote. Ule unaowasha usiku kucha na kumwambukiza hata mwenye nyumba ni mwingine, nao hutibiwa mbwa wote wa nyumba kwa pamoja.

Panadol, Brufen na diklofenaki si dawa za mbwa, hata nusu kidonge.

Banda na maji

Banda la mabati matupu juani ni tanuri. Weka kivuli, inua sakafu sentimita 15 kutoka chini, acha hewa ipite. Mbwa mzima hulala saa 12 na zaidi kwa siku. Mlinzi wa usiku apate mahali tulivu mchana. Asifungwe mnyororo saa zote. Maji ni kama mililita 50 hadi 60 kwa kilo kwa siku, zaidi wakati wa joto la Dar au Mombasa, kwenye bakuli linalosuguliwa kwa sabuni kila siku na lisiloachwa nje na chakula usiku. Panya hufuata chakula, na mkojo wao ndio homa ya mgunda.

Ukaguzi wa kila wiki

Chagua siku moja. Jipime kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha ukiwa peke yako, utoe. Inua mdomo: fizi ziwe za waridi, na ukizibonyeza kwa kidole rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Hesabu pumzi akiwa amelala, zisifike 30 kwa dakika. Joto la mkunduni, kwa kipimajoto kilichopakwa mafuta, liwe kati ya nyuzi 38 na 39.2. Pua kavu au ya joto haikuambii kitu.

Nenda kliniki siku hiyo hiyo ukiona fizi nyeupe au za njano, mkojo wa kahawia, kuhara damu, mtoto anayetapika mara ya pili, homa juu ya nyuzi 39.5, kutoka damu puani, jicho lenye ukungu wa buluu, au mbwa mpole aliyegeuka mkali na kudondosha mate. Huyo wa mwisho usimguse. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali kuanza chanjo bila kusubiri mbwa afe.

Kwa daktari beba kadi ya chanjo, uzito uliouandika, maganda ya dawa zote ulizompa, na kinyesi cha asubuhi hiyo kwenye kichupa kilichofungwa. Kupe uliyemng'oa mweke kwenye kichupa kingine.